Mbio za Judith Sebuleni kwa Mwanaamina

Simu ya Judith iliingia wakati mama yake, Konsolata, ameinama shambani anang'oa vitunguu saumu. Mtandao wa upande ule wa bonde ni wa kubahatisha, kwa hiyo aliitupa ndoo hapo hapo akakimbilia juu ya kichuguu, pumzi zikimpaa.

"Mama, shikamoo. Unanisikia?"

"Marahaba mwanangu. Sema haraka kabla haijakata."

"Jumapili nakimbia mama. Huku huku Ulaya, zile mbio ndefu. Na safari hii mtaniona, zinaonyeshwa. Wamenichukua nikae mbele."

"Mbele?"

"Mbele ya wote. Ila sikiliza mama, kazi yenyewe ni kwamba..."

Simu ikakata. Konsolata alikizunguka kichuguu chote akiinua simu huku na huku, haikurudi. Hata hivyo alichosikia kilimtosha. Alishuka akaokota ndoo yake, na kazi iliyobaki aliifanya huku anaimba. Jioni alipopita kwenye mazoezi ya kwaya ya kigango alishindwa kunyamaza, na kabla jua halijazama kila nyumba ya kijiji chao, huku nyuma ya Dongobesh, ilijua kwamba binti wa Patriki atakuwa wa kwanza Ulaya, na kwamba ataonekana.

Patriki mwenyewe aliipokea habari akiwa anaziba tundu la boma kwa miiba. Hakugeuka.

"Alisema atashinda?"

"Alisema atakuwa mbele ya wote. Sasa mtu akiwa mbele ya wote anaitwaje?"

"Anaitwa mtu aliye mbele," Patriki alisema. "Ng'ombe wangu nao walikuwa mbele ya wote siku ile nawapeleka mnadani."

Konsolata alijua neno hilo lingekuja. Maksai wawili wa kulimia waliuzwa ili Judith apate kwenda kambi ya wakimbiaji Arusha, na tangu hapo Patriki alilima kwa maksai wa kaka yake, Bura. Bura hakuwa mchoyo. Alimwazima kila msimu, lakini baada ya kumaliza shamba lake yeye, mvua ikiwa imeshaanza kuchoka, na kila mara alimkabidhi kamba mbele ya watu akisema, "Haya, mwenye binti wa mbio, chukua. Mdogo wangu aliuza jembe akanunua viatu." Watu walicheka. Patriki naye alicheka, kisha akifika nyumbani hakula.

"Jumapili ndiyo mwisho, Mama Judith," alisema sasa, akijifuta mikono. "Akishinda nitanyamaza maisha yangu yote. Asiposhinda arudi nyumbani. Kuna watu wawili wameshakuja kumuulizia kwa posa, na mimi sitaendelea kuwaambia yuko safarini."

"Basi twende tukamwone kwa macho yetu, ukate shauri ukiwa umeona."

"Tukamwone wapi? Nani hapa ana televisheni?"

"Dongobesh kuna banda la Yahaya."

"Kule ni kwa vijana wa mpira," Patriki alisema. "Ukienda, nenda mwenyewe."

Alikwenda mwenyewe, tena siku ya pili yake tu, akiwa amefunga mafungu mazuri ya vitunguu saumu kwenye khanga ili asiende mikono mitupu. Banda la Yahaya liko nyuma ya stendi: mabati matupu, benchi za mbao, na runinga kubwa iliyofungiwa kwenye kasha la vyuma kama mahabusu. Mlangoni mkewe, Mwanaamina, alikuwa anageuza maandazi kwenye karai. Konsolata alisalimia, akapita, akasimama ndani ya mlango bila kujua aweke wapi miguu. Hakuwahi kuingia humo. Vijana wachache walikuwa wanatazama marudio ya mechi ya jana. Tadei, dalali wa mahindi, ambaye hata misibani huenda na jezi ya timu yake, alimtazama toka kichwani hadi kwenye viatu vyake vya tope.

"Mama, sadaka hukusanywa kanisani," alisema. Benchi zima likacheka.

"Tadei!" Yahaya alimkemea, akainuka. "Karibu mama. Una shida gani?"

Konsolata alieleza. Alieleza vizuri mpaka alipofika kwenye neno "binti yangu". Hapo akamalizia kwa kunyoosha fungu la vitunguu. Yahaya hakulipokea. Alimwita bintiye, Samira, aliyekuwa na kibanda cha uwakala wa fedha pale nje, akamwambia aangalie kwenye simu. Samira alitafuta kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Hazipo kwenye king'amuzi chochote, baba. Zimenunuliwa na kampuni ya mtandaoni. Unalipia kwa simu, unaangalia huko huko."

"Umesikia, Mama Judith?" Yahaya alisema, na haikuwa sauti ya kumfukuza mtu. "Ungekuja miaka ile ningekuambia njoo tu ukae. Dishi moja lilikuwa linatuletea dunia nzima. Siku hizi michezo imegawanywa kama nyama ya harusi. Ligi hii iko kwenye king'amuzi hiki, ligi ile kwenye kile, ndondi kwingine, mbio kwingine, na kila mmoja anadai chake mwezi ukiisha. Vijana nao wananunua bando wanaangalia wakiwa wamelala kitandani. Hapa ulipowakuta hawa, zamani ungekosa pa kupita."

"Naelewa baba. Lakini kama inalipiwa kwa simu, si tulipie, uiweke kwenye hiyo kubwa? Nitaleta na maharage."

Yahaya alikuna shingo. "Siwezi kuionyesha bandani. Mwaka jana walikuja wakaguzi wakanikuta natumia kifurushi cha nyumbani kwenye biashara. Walikosea wapi? Mimi ndiye niliyekosea. Lakini waling'oa king'amuzi mbele ya wateja wangu, wakanipiga picha nimekishika mkononi kama mwizi wa kuku. Hicho cha mtandaoni nacho ni cha mtu na nyumba yake. Kiingilio sitakitoza tena kwa kitu kisicho changu. Nisamehe mama."

Konsolata alisema hakuna neno, akashukuru, akashukuru mara ya pili kwa sababu hakujua aseme nini kingine, akageuka. Nyuma yake Tadei alisema kwa sauti ya kusikika kwamba riadha ilikufa na redio.

Alikuwa ameshafika kwenye karai la maandazi Mwanaamina alipomshika mkono. Mkono ulikuwa na unga na moto wa mafuta.

"Subiri kwanza," alisema, kisha akapaza sauti kuelekea ndani. "Baba Samira! Umesema hicho kitu ni cha mtu na nyumba yake?"

"Ndiyo."

"Mimi sina nyumba?"

Yahaya akachungulia mlangoni.

"Sebuleni kwangu kuna televisheni inayolala tu kwa sababu mwenye nyumba anashinda bandani. Jumapili Mama Judith ni mgeni wangu. Mgeni hatozwi kiingilio. Samira atalipia kwa simu yake, na hivi vitunguu," akavipokea, akavinusa, "ndivyo vitaingia kwenye pilau. Au kuna mkaguzi wa pilau?"

Hata Tadei alicheka. Konsolata alitaka kupiga magoti, Mwanaamina akamzuia kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imejaa.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Konsolata alimkuta Patriki amevaa makoti yake mawili ya kuchungia. Alimwambia, kwa upole, kwamba mbio zinaanza saa nne. Patriki akajibu kwamba ng'ombe hawajui Jumapili, akaswaga akaondoka.

Nyumba ya Yahaya iko mtaa wa juu, ina uzio wa matofali na ua uliofagiliwa. Sebule ilikuwa na makochi yaliyotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Konsolata alipoviona alivua viatu mlangoni na kuketi chini kwenye zulia. Mwanaamina akamwinua, akamketisha kwenye kochi. Akaketi ncha tu. Alidhani watakuwa wao watatu, lakini alikuwa amesahau kwamba aliiambia kwaya. Walianza kuingia kwa vikundi, wazee kwa wanawake, kila mmoja akibisha hodi na kuomba radhi, na kila aliyeingia akasalimia waliomtangulia mmoja mmoja, shikamoo na marahaba zikapandana mpaka sebule ikajaa. Mwanaamina hakulalamika. Aliwaambia vijana waibebe televisheni waiweke dirishani, uso ukitazama uani, na mikeka ikatandikwa nje. Hata Yahaya alifunga banda akaja. Bura alikuja, akapewa stuli. Tadei naye alikuja na jezi yake. Alisema anapita tu.

Samira alihangaika na waya na simu, na ghafla mji wa watu ukatokea dirishani: barabara pana, nyeusi kama imepakwa mafuta, miti isiyo na majani, watu wenye makoti wamejipanga pembeni, na wanawake wembamba wanakimbia.

"Yule!" Konsolata alisimama. "Yule, yule wa mbele! Yule ni Judith!"

Alikuwa Judith kweli. Alikuwa mbele, hatua kadhaa mbele ya wengine, mabega yametulia, mdomo umefungwa kama alivyoufunga tangu utotoni akipandisha na ndoo ya maji kichwani. Wenzake walivaa rangi mbalimbali na wana majina vifuani. Yeye alivaa fulana ya mistari, na kifuani alikuwa na neno moja la Kiingereza. Mwanakwaya mmoja aliuliza limeandikwa nini. Bura, anayejua kila kitu, alisema ni jina la kampuni iliyomwajiri. Ikakubalika.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifanya watu wa stendi waje kuuliza kuna harusi ya nani. Picha ilipokwama, uani kuliguna kana kwamba mtu ameanguka. Ilipoachia, Judith alikuwa bado mbele. Bando la Samira lilipokwisha, kijana mmoja wa mpira, ambaye hakuna aliyemuomba, alisema, "Dada, unganisha na yangu." Lake lilipokwisha, mwingine akasema hivyo hivyo. Tadei aliacha kusema anapita. Alikuwa amechuchumaa mbele ya wazee, akihesabu kwa sauti kilomita zilizoandikwa pembeni mwa picha.

Katikati ya hayo Konsolata aligeuza kichwa akamwona Patriki. Alisimama nje ya lango, fimbo mabegani, mikono yote miwili imening'inia kwenye fimbo. Sijui ng'ombe aliwaacha na nani. Alimpungia aingie. Patriki akatikisa kichwa, lakini hakuondoka, na macho yake hayakutoka dirishani.

Kisha jambo likatokea. Judith aligeuka akatazama nyuma, akawaonyesha wenzake kwa mkono mbele, kama mtu anayemkaribisha mgeni apite. Akasogea pembeni ya barabara. Akasimama. Wenzake wakampita, mmoja, wawili, watatu, na picha ikaenda nao.

Waliokaa nyuma walisimama kwenye mikeka ili waone.

"Mbona amesimama?" mzee mmoja aliuliza.

"Kaishiwa," alisema Tadei, na hakuwa anacheka, alikuwa ameumia kama timu yake imefungwa dakika ya mwisho. "Aah! Kaishiwa. Alianza kwa pupa."

Bura alisimama, akaitazama stuli, akalitazama dirisha. "Basi," alisema. "Viatu vimekwisha soli." Watu wawili watatu walicheka, wakaacha haraka.

Konsolata hakulia. Aliona aibu. Aliwaza vile vitambaa vyeupe, bando za watoto wa watu, pilau lililokuwa linanukia huko nyuma kwa ajili ya ushindi usiokuwepo. Alimtafuta Mwanaamina. "Mama Samira, nashukuru. Mungu akulipe. Sisi twende tu," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake kati ya viatu vingi mlangoni. Langoni hakukuwa na mtu. Patriki alikuwa ameshaondoka.

"Hakuna anayeondoka na njaa nyumbani kwangu," Mwanaamina alisema. "Kaa. Kushindwa si wizi."

Akakaa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubisha. Mbio ziliendelea bila mtu kuzitazama sana. Mwanamke mmoja mrefu alimaliza wa kwanza, akaanguka kifudifudi, akainuliwa, akavikwa bendera ya nchi yake. Ndipo Samira, aliyekuwa amekaa karibu na spika, akapiga ukelele.

"Jamani! Jamani, tazameni!"

Yule mshindi alikuwa anasukuma watu wa kamera, anatafuta mtu. Alimpata. Alikuwa Judith, amevaa koti juu ya fulana yake ya mistari. Mshindi alimkumbatia akamng'ang'ania shingoni, akamvika nusu ya bendera, na wote wawili wakawa wanalia na kucheka. Watangazaji walikuwa wanalitaja jina la Judith, wanalivunja vunja kwa Kiingereza chao, wanalitaja tena.

"Wanasemaje?" Konsolata aliuliza.

"Wanasema..." Samira alisikiliza, uso umekunjamana. "Wanasema amefanya kazi nzuri sana. Amemaliza kazi yake. Sielewi, mama. Wanamsifu."

Pilau lilikuwa linapakuliwa simu ya Konsolata ilipolia. Samira aliibonyeza ili wote wasikie.

"Mama, shikamoo. Mliniona?"

"Marahaba. Tulikuona mwanangu. Pole. Pole sana. Unaumwa wapi?"

"Siumwi mama. Pole ya nini?"

"Uliacha njia."

Judith akacheka, na kicheko chake kilijaa ua wote. "Mama, ile simu ilikata! Mimi sikwenda kushindana. Niliajiriwa kupiga mwendo. Natangulia, naweka kasi, nakata upepo, wenzangu wanakuja nyuma yangu. Nikifika pale waliponiambia, natoka. Ndiyo kazi yenyewe. Nikikimbia vibaya wote wanaharibikiwa. Mbio zile hazijawahi kukimbiwa haraka kama leo, na mshindi anasema ni kwa sababu yangu."

Watu walitazamana. Na ndipo sauti ikatoka langoni, kwa sababu Patriki hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa amekaa chini nyuma ya uzio, mgongo kwenye matofali, ambako hakuna mtu angeuona uso wake.

"Nipe hiyo simu," alisema, akaingia.

Aliileta sikioni, ingawa sauti ilikuwa inasikika ua mzima. Binti yake ndiye aliyeanza.

"Nani? Baba? Shikamoo baba."

"Marahaba." Alikohoa. "Judith. Mbona hukutuambia?"

"Niliogopa. Nilijua utauliza, wanakulipa ili ushindwe? Nami sikuwa na jibu, baba. Wanalipa, tena wanalipa vizuri. Lakini kifuani wameniandikia kazi tu, jina langu halipo hata kwenye fulana."

Patriki alitazama chini. Wazee wote walimtazama yeye.

"Sikia," alisema taratibu. "Asubuhi tukitoka na ng'ombe, majani yamelala na umande, mmoja lazima atangulie. Anayetangulia ndiye anayelowa mpaka kiunoni. Wanaofuata wanafika wakavu. Mimi nimelowa hivyo tangu nikiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kusema sikufika. Watakuita tena?"

"Wameshaniita. Kuna mbio nyingine mwaka huu huu. Wanataka saini yangu kesho."

"Basi weka saini. Hapa hakuna mtu anayekuulizia."

Alisema hayo akimtazama Bura. Bura aliona afadhali ashughulike na sahani yake. Lakini baadaye kidogo, bila kumtazama mtu, alisema kwamba msimu ujao maksai waanze shamba la Patriki, lake lina tope, linaweza kusubiri. Patriki akamwambia, "Asante, kaka." Kisha akavuka ua mpaka alipokuwa Yahaya, akampa mkono, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia.

"Sikuwahi kukanyaga kwako," alimwambia. "Leo umemleta mtoto wangu mpaka nyumbani."

"Mshukuru mama huyu," Yahaya alisema, akimwonyesha mkewe. "Mimi nilimkatalia mkeo. Nimefanya biashara ya picha miaka yote hii, na siku ua wangu umejaa kuliko banda ndiyo siku ambayo sikutoza mtu." Akacheka kidogo, peke yake. Saa kumi kulikuwa na mechi, na hakujua watakuja wangapi. Lakini hakukimbilia kufungua.

Samira alikuwa amempigia Judith kwa video kwenye simu yake mwenyewe, na sasa sura ya Judith ilikuwa inazunguka uani kutoka mkono hadi mkono. Kila mzee alitaka kusalimiwa. "Shikamoo," alisema Judith kwa kila uso, na kila uso ukaitikia marahaba na kuongeza neno lake: hongera, pole na baridi, Mungu akutunze. Ilipofika kwa Tadei, alijaribu kuipitisha bila kuitazama, wenzake wakamzuia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba." Tadei alivuta jezi yake. "Mimi nilisema umeishiwa. Nisamehe bure. Siku nyingine utuambie mapema unashukia wapi, maana moyo nusura usimame."

Wote walicheka, na Judith alicheka mpaka picha ikatikisika. Mwishoni simu ikamfikia Konsolata. Aliishika kwa mikono miwili, akaileta karibu mno, kiasi kwamba kule Ulaya binti aliona jicho moja tu na kipande cha kilemba.

"Umeniona vizuri sasa, mama?"

"Nimekuona," Konsolata alisema. Machozi yaliyokataa kutoka wakati wa aibu yalikuwa yanatiririka bila kuombwa, na hakuyafuta. "Nimekuona, namshukuru Mungu, nawashukuru wenye nyumba hii. Lakini umekonda, Judith. Huko wanakupa chakula gani?"

Mwanaamina, aliyekuwa anapita na sinia, aliinama mbele ya simu, akaliinua pilau lionekane.